Historia Fupi ya Mguu wa Kushoto

Kwenye muziki wa metali, ule wa gitaa nzito na waimbaji wanaonguruma, kuna tusi moja lisilo na neno chafu ndani yake. Unasema tu, "Huyo anatumia triga," na jamaa umemmaliza. Maana yake ni kwamba ule mvumo wa ngoma kubwa unaousikia, ule unaofanana na jenereta ya kinyozi stima zikipotea, hautoki kwenye nguvu za miguu yake. Kuna kidude kimebanwa kwenye ngoma, kidude kinapeleka habari kwa kisanduku cha umeme, na kisanduku ndicho kinachotoa sauti. Kwa ufupi, anatudanganya.

Nimelisikia tusi hili Nairobi, kwenye shoo ndogo za roki ambako sura ni zile zile kila mara. Kwa muda mrefu nililiona kama ubishi wa watu wasio na kazi ya kufanya Jumamosi. Kisha nikaanza kusoma historia ya pedali yenyewe, kile chuma unachokikanyaga ili kinyundo kigonge ngoma. Kumbe swali lililo chini ya ubishi huu ni kuukuu kuliko triga, kuukuu kuliko hata roki. Kila chombo kilichowahi kuwekwa chini ya mguu wa mpiga ngoma kimeliuliza upya: nani anafanya kazi hapa, na nani atahesabiwa kuwa ameifanya?

Tuanze kabla ya pedali. Katika bendi za kijeshi na okestra za karne ya 19, ngoma zilikuwa kazi ya watu kadhaa. Mmoja alipiga ile ndogo yenye nyuzi chini, mwingine ile kubwa, mwingine akashika matoazi. Lakini kwenye kumbi za dansi na za maigizo huko Marekani nafasi ilikuwa finyu na mwajiri alikuwa na mkono wa birika. Wapigaji wakabuni mtindo wa mtu mmoja kuziweka ngoma mbili karibu karibu na kuzipiga zote kwa fimbo, mkono ukiruka huku na huko kama kondakta anayekusanya nauli huku akiita abiria. Kwa muziki wa kuandamana, sawa. Kwa mdundo wa haraka, mkono haukufika kwa wakati.

Huko New Orleans, katika miaka ya 1890, mpigaji aliyeitwa Dee Dee Chandler alikuwa tayari ameunda pedali yake ya mbao, kazi ya mikono kabisa, na kuipiga katika okestra ya John Robichaux. Chandler alikuwa Mweusi, mjini ambako jazi ilikuwa bado haijapata jina. Wengine nao walikuwa wakijaribu. Pedali nyingi za wakati huo zilining'inia kutoka juu ya ngoma, kinyundo kikibembea kama kengele, na kubembea kunachukua muda. Kisha mwaka 1909, Chicago, mpiga ngoma William F. Ludwig na nduguye Theobald wakafungua kampuni ya kuuza pedali yao. Ilikaa sakafuni, kinyundo kilisafiri umbali mfupi, na iliweza kukimbizana na mdundo wa ragtaimu. Umbo lake bado unalijua. Pedali unayoikuta leo kwenye kanisa lolote la Umoja au Kayole ni mjukuu wa ile.

Sasa hesabu watu. Mahali palipokuwa na wapiga ngoma wawili au watatu, palibaki mmoja. Huyo mmoja hakupumzika, bana. Mikono yake miwili ilipewa ngoma ndogo, matoazi na filimbi, na kwenye kumbi za sinema za kimya alipiga pia kwato za farasi, kengele za mlango na mngurumo wa treni. Pedali haikupunguza kazi, ilipunguza watu. Na huyo aliyebaki hakukaa kwa raha muda mrefu. Mwaka 1927 ilitoka The Jazz Singer, filamu yenye sauti ndani yake, na baada ya miaka michache maelfu ya wanamuziki wa kumbi za sinema walikuwa mtaani wakitafuta kazi nyingine. Kati ya pedali ya Ludwig na filamu hiyo ni miaka 18 tu.

Wakati huo wote mguu wa kulia ndio ulikuwa na cheo. Wa kushoto ulikuja kupewa kibarua katika miaka ya 1920: kufungua na kufunga jozi ya matoazi iliyowekwa kwenye stendi. Kazi ya heshima, lakini ya pembeni. Aliyeupandisha cheo alikuwa mtoto wa shule.

Louie Bellson alizaliwa Rock Falls, Illinois, mwaka 1924. Akiwa na miaka 15, darasani kwenye somo la sanaa, alichora seti ya ngoma yenye ngoma kubwa mbili, moja kwa kila mguu. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Gretsch ikamtengenezea kitu kile alichokuwa amekichora. Mwaka 1951 alijiunga na okestra ya Duke Ellington, akaandika Skin Deep, kipande ambacho ndani yake okestra nzima inanyamaza na kumwachia uwanja. Watu walidhani ni kiinimacho, na kwa kweli kilikuwa pia biashara: ngoma mbili kubwa zinaonekana vizuri kutoka kiti cha mwisho. Lakini Bellson alikuwa ameonyesha jambo moja ambalo halijarudi nyuma tangu hapo. Mguu wa kushoto unaweza kujifunza kila kinachofanywa na wa kulia, ukipewa chombo na muda.

Kutoka kwa Ellington, wazo lilivuka bahari. Mwaka 1966 Ginger Baker wa Cream alimwona Sam Woodyard akipiga na okestra ya Ellington, na baada ya hapo akajipatia ngoma kubwa mbili. Keith Moon wa The Who naye akafanya vivyo hivyo mwaka huo huo. Hapa historia inapita Afrika kwa njia ambayo wengi wetu hatufundishwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Baker alivuka Sahara kwa gari mpaka Lagos, akapiga na Fela Kuti, akajenga studio huko. Na nyuma ya ngoma za Fela alikaa Tony Allen, mwenye ngoma kubwa moja na mguu wa kulia uliozungumza kama mtu wa pili kwenye bendi. Sikiliza rekodi waliyotoa pamoja mwaka 1971. Mtu wa ngoma mbili na mtu wa ngoma moja, na huwezi kusema kwamba mwenye mbili ndiye aliyefanya kazi zaidi.

Nimelitaja hilo mapema kwa sababu sehemu inayofuata ni hadithi ya kasi, na kasi huwa inawasahaulisha watu mambo kama hayo.

Phil Taylor wa Motörhead alikuwa anajaribu ngoma zake mbili mpya mazoezini, miguu ikipokezana kulia, kushoto, kulia, kushoto bila kusimama. Wenzake wakaingia na gitaa juu ya mazoezi hayo, na wimbo Overkill ukazaliwa, ukatoka mwaka 1979. Kabla ya hapo, ngoma mbili zilikuwa pambo la kumalizia wimbo. Kuanzia hapo zikawa sakafu ya wimbo wenyewe. Miaka saba baadaye, mwaka 1986, Slayer walitoa Reign in Blood, rekodi isiyofika hata nusu saa, na miguu ya Dave Lombardo ikawa kipimo cha kila kijana mwenye pedali. Mwishoni mwa muongo huo, studio ya Morrisound pale Tampa, Florida, ilikuwa ikirekodi bendi zilizoona kasi ya Slayer kama mahali pa kuanzia.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu hutaelewa kwa nini triga ilizaliwa. Mdundo wa 200 kwa dakika, na kila mdundo una mapigo manne ya ngoma kubwa. Hayo ni mapigo 800 kwa dakika. Kila mguu unapiga 400, na kati ya pigo moja na linalofuata kuna milisekunde 75. Hata kwa mara mbili ya nafasi hiyo, ambayo ndiyo anayoipata kila mguu, mguu hauwezi kuinuka juu ukashuka kwa kishindo. Unainuka kidogo tu, kwa hiyo unapiga kwa nguvu ndogo. Na ngoma kubwa yenyewe ina sauti nzito yenye mkia mrefu. Pigo la kwanza halijamaliza kuvuma, la pili limeingia, la tatu limeingia, na ukiwa katikati ya ukumbi unasikia uji. Mpigaji anatoka jasho nusu saa nzima na hakuna anayejua alichopiga.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kawaida: kuacha kinyundo cha manyoya na kutumia cha plastiki au mbao, kubandika kipande kigumu kwenye ngozi mahali kinapogonga, kujaza mto ndani ya ngoma ili mkia ufe. Kila pigo likapata mlio mkavu wa "tak" unaopenya kwenye gitaa. Dawa ya pili ilitoka kwenye fizikia. Mwaka 1880, Paris, ndugu Jacques na Pierre Curie waligundua kwamba fuwele fulani zikiminywa hutoa umeme. Unaijua kazi hiyo bila kujua jina lake. Ile lighter ya meko ya gesi inayolia "tak" ukibonyeza, bila betri, ni piezo. Bandika kisahani cha piezo kwenye ngozi ya ngoma, na kila pigo linakuwa msukumo mdogo wa umeme. Msukumo huo unaweza kuamsha sauti nyingine yoyote iliyohifadhiwa.

Mwaka 1981 kampuni ya Simmons ya Uingereza ilitoa ngoma za umeme za pembe sita zilizojaa kwenye video za muziki za miaka ile. Huko Sweden, kampuni ya Clavia ikaja na ngoma zake za ddrum, na vihisi vyake vya kubana kwenye ukingo wa ngoma ya kawaida vikawa chombo cha kila siku cha wapiga metali. Clavia ndio hao hao waliokuja kutengeneza kinanda chekundu cha Nord. Kama umewahi kuketi kwenye kanisa kubwa la Nairobi Jumapili, umekiona. Kufikia mwaka 1995, Fear Factory walipotoa Demanufacture, miguu ya Raymond Herrera na gitaa zilifungwa pamoja kiasi kwamba huwezi kupitisha wembe kati yao, na lile jambo lililoitwa udanganyifu likawa mtindo kamili.

Mimi nilijifunza ngoma kanisani, kama karibu kila mpigaji ninayemjua mjini hapa, nyuma ya ule ukuta wa plastiki angavu unaowakinga wazee na kelele. Kanisani kuna ngoma kubwa moja tu. Kwenye vilabu pia ni moja. Ukitaka kupiga kwa miguu miwili Nairobi, huna budi kubeba pedali pacha kwenye begi, uipakate ndani ya matatu, na uombe Mungu mtu asikanyage.

Pedali pacha nayo ina historia yake. Muaustralia Don Sleishman alikuwa ameunda ya kwake mapema, na katika miaka ya 1980 kampuni ya DW ya California ikaisambaza duniani kote. Wazo ni rahisi. Vinyundo viwili vinakaa pamoja mbele ya ngoma moja. Mguu wa kulia uko pale pale. Wa kushoto uko mbali, kando ya matoazi, na nguvu yake inasafiri kupitia shafti yenye kiungo cha kujipinda kila mwisho, kama propela iliyo chini ya lori. Ngoma ya pili ikaondoka jukwaani, pamoja na stendi zake na nafasi yake kwenye gari. Kwa mara nyingine, chombo kimepunguza mzigo wa mwenye ukumbi na kumwongezea kazi mpigaji: kushoto kwa pedali pacha daima ni kuzito zaidi, kwa sababu nguvu inapita kwenye chuma kingi kabla ya kufika.

Ndiyo maana ukienda kununua, iwe mpya au ya mkono wa pili, usianze na jina lililoandikwa ubaoni. Shika shafti kwa mkono, izungushe taratibu, na utazame kinyundo cha kushoto. Kama shafti inasogea kabla ya kinyundo kusogea, viungo vimelegea, na mguu wako utachelewa maisha yako yote. Hiyo acha, hata ikiwa bei ni tamu. Baada ya hapo uliza kinachounganisha ubao na kinyundo. Cheni, kama ya baiskeli, ina uzito mzuri na inasamehe. Kipande cha chuma cha moja kwa moja hakina ulegevu wowote: kinafanya hasa ulichofanya, pamoja na makosa yako. Wapenda kasi wengi walikimbilia pedali za chuma za kampuni ya Axis kwa sababu hiyo, lakini wazo lenyewe ni la zamani. Speed King ya Ludwig ya mwaka 1937 ilikuwa ya chuma cha moja kwa moja. John Bonham wa Led Zeppelin aliipenda, na kwenye Since I've Been Loving You ya mwaka 1970 unaisikia ikilia kwii-kwii kwa kukosa mafuta. Hakuna aliyeifuta. Hiyo ni sauti ya mashine ikikiri kwamba ipo.

Kuipanga, anza na kiti. Kaa bila pedali yoyote, nyonga juu ya magoti kidogo, na uache nyayo zianguke zinapotaka. Pedali zifuate miguu, miguu isifuate pedali. Stendi ya matoazi itagombania nafasi na pedali ya kushoto, kwa hiyo zungusha miguu yake mpaka zipatane. Shafti ikae sambamba na sakafu na isipinde pembe kali. Vinyundo viwe na umbali sawa kutoka kwenye ngozi, vikigonga pande mbili za katikati. Springi uziweke za wastani kwanza. Zikibana sana kinyundo kinarudi haraka lakini misuli ya mguu inaungua, zikilegea kinyundo kinakuja nyuma ya mguu kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Ya kushoto huenda ikahitaji mzunguko mmoja tofauti na ya kulia, kwa sababu ya ule uzito wa shafti. Sikio ndilo litakuamulia, macho yatakudanganya.

Ukifika kwenye triga, jaza ngoma blanketi kwanza. Ngozi inayotetemeka ovyo inapeleka habari mara mbili kwa pigo moja. Bana kihisi kwenye ukingo, kiguse ngozi bila kuiminya. Kisha kwenye kisanduku utakuta mipangilio mitatu ambayo ndiyo mzozo wote. Wa kwanza ni usikivu: piga kwa nguvu zako zote na uupandishe mpaka pigo hilo likaribie kilele. Wa pili ni kizingiti: panda nacho polepole mpaka kelele za gitaa na za ngoma jirani zisiamshe kitu, usipite hapo, la sivyo mapigo yako laini yatafungiwa nje. Wa tatu ni muda wa kufumba macho, yaani baada ya pigo moja kisanduku kinakataa habari kwa milisekunde kadhaa. Kumbuka ile 75. Ukiweka 80 na unapiga kwa kasi ya 200, mapigo yako yataanza kupotea na utadhani ni mguu. Kwa wale wanaopanda wiki nzima ghali za vifaa mtandaoni, nikwambie pia kwamba kisahani cha piezo kinapatikana Luthuli Avenue kwa pesa ya chakula cha mchana, na mtu mwenye chuma cha kuchomea risasi anaweza kukitengeneza kiwe kihisi jioni moja.

Kuna mpangilio wa nne, na hapa ndipo tusi linapopata nguvu. Unaweza kukiambia kisanduku kwamba kila pigo, liwe dogo au kubwa, litoe sauti moja ya nguvu ile ile. Hapo mguu mchovu na mguu mpya wanalia sawa. Kweli, huo ni uongo. Lakini tuseme vizuri ni uongo kuhusu nini. Ni uongo kuhusu nguvu. Kuhusu wakati, triga haiwezi kudanganya hata ikitaka, maana haina saa ndani yake. Mguu wa kushoto ukichelewa, mvumo wa kawaida wa ngoma ungeficha kuchelewa huko ndani ya uji. Triga inakutangaza kwa mlio mkavu mbele ya ukumbi mzima. Uongo kuhusu wakati unafanyika kwingine, studioni, pale mhandisi anaposhika mapigo yaliyorekodiwa na kuyasukuma kwenye mistari ya kompyuta mpaka yote yakae sawa. Kazi hiyo haionekani jukwaani, na sijawahi kusikia imekuwa tusi mtaani.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya kazi inayonilisha. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo, na kwa miaka miwili baada ya hapo niliishi kwa kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Vijana wa Nairobi wanaoifanya kazi hiyo ni wengi mno, wengine na digrii, wengine bila. Usiku nilisoma kuhusu uchumi wa kahawa au maadili ya uuguzi, asubuhi insha ikaenda, na ikapata alama kwa jina la mtu nisiyemjua. Nilikuwa kihisi kwenye ngozi. Msukumo ni wangu, sauti iliyosikika ukumbini ilikuwa ya mwingine. Kwa hiyo mtu akiniambia mpigaji mwenye triga hajafanya kazi, nauliza: ni nani basi aliyefika kwa wakati mara 800 kwa dakika? Tunao mtindo wa kusifu sauti na kusahau mguu, na mtindo huo haukuletwa na piezo. Ulikuwepo tangu mwenye ukumbi wa New Orleans au Chicago alipohesabu akaona anaweza kulipa mshahara mmoja badala ya miwili.

Na hesabu hiyo haijaisha. Mwaka 2005 Meshuggah wa Sweden walitoa Catch Thirtythree, na ngoma zote humo zilipangwa kwa kompyuta, ingawa bendi ilikuwa na mmoja wa wapigaji bora duniani, Tomas Haake. Mwaka 2020 wakaja wa kwetu. Duma, watu wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina walilitoa kwenye Gikuyu, kwa maana ya giza, hata kama sikio la Kiswahili linamwona kwanza yule mnyama wa mbio. Ngoma kwenye albamu hiyo zinakimbia kwa kasi ambayo hakuna nyonga ya binadamu inayoitaka, na hakuna mpigaji. Wawili, watatu, mmoja, na sasa sifuri.

Naipenda albamu hiyo. Haidai kwamba kuna miguu, kwa hiyo haimdanganyi mtu, na imefungua mlango kwa watoto wa mtaani wenye kompyuta kuukuu na wasio na mahali pa kupigia kelele. Seti ya ngoma inahitaji chumba, na chumba Nairobi ni kodi. Lakini naiona pia kama mwisho wa ule mstari ulioanza na pedali ya mbao ya Chandler, na sioni kwa nini tusiulize njiani ni nani ameshuka kwenye gari.

Kwa wale tunaobaki na miguu, kipimo cha uaminifu ni rahisi na hakihitaji ubishi. Siku ukienda shoo na kusikia mtu nyuma yako akisema jamaa anatumia triga, ondoka mbele ya spika. Nenda usimame kando ya jukwaa, karibu na ngoma kadiri watakavyokuruhusu, sikio moja ukiliziba upande wa spika. Chini ya ule mvumo mkubwa utasikia mlio mwingine, mdogo, mkavu, wa plastiki ikigonga plastiki. Hesabu kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kama ile ya kushoto inaingia mahali pake kila mara, dakika ya kwanza na dakika ya thelathini, mtu huyo amefanya kazi, na ada yake ya usiku huo ilipwe yote.